UZI: Nilitibu ndigana kali, kumbe ni ndigana baridi. Tuzungumze kupima damu ya ng'ombe kwa PCR

#1 BandaLaMlandizi

Wakuu wa jukwaa la mifugo, salaam.

Naandika nikiwa bado na uchungu, ila nikikaa kimya kuna mwenzangu atapitia humu humu nilimopita mimi.

Mwezi Machi nilishusha mitamba 4 kutoka migombani kule Kilimanjaro. Ni ng'ombe waliozaliwa bandani na kukulia bandani, majani wanakatiwa na kuletewa. Nikawaleta hapa Mlandizi wakae na ng'ombe wangu 14, chotara na wa kienyeji. Wiki ile ile nilimwita mtu akachanja banda zima, chambavu na kimeta, kwa sababu sikutaka kuingiza ng'ombe wageni bila kinga.

Wiki ya tano mtamba wa kwanza akaacha kula. Kipimajoto kikasoma 41. Huku kwetu homa ikipanda hivyo, kila anayepita uani anatamka neno moja: ndigana kali. Nikanunua Butalex, dawa ya ndigana kali, nikamchoma. Siku ya nne akafa.

Siku tatu baadaye akafuata wa pili. Huyu nilimtazama kwa makini zaidi. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, macho yameingia umanjano, kinyesi kikavu vipande vipande. Nikachoma dawa ile ile. Kesho yake nikawaambia vijana wamsogeze kwenye kibanio achomwe tena. Hakumaliza hatua 20. Alitetereka, akapiga magoti ya mbele, akalala ubavu, na pumzi ikakata pale pale mbele ya macho yetu.

Wa tatu alipoanza kujitenga na wenzake, jirani yangu aliyefanya kazi ranchi zamani akanizuia mkono. "Usichome kitu. Toa damu kwanza." Tukaita daktari wa mifugo. Alipoingiza sindano shingoni damu ilitoka nyepesi, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Sijawahi kuona damu ya ng'ombe ya namna hiyo. Akapaka slaidi mbili, akajaza tyubu ya kifuniko cha zambarau, nikaiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu niliyonunua kwa muuza samaki, alfajiri nikapanda gari kwenda maabara Dar es Salaam.

Mchana nikapigiwa simu: slaidi imejaa Anaplasma, bakteria wa ndigana baridi. Baadaye yakaja majibu ya PCR, kile kipimo cha vinasaba: *Anaplasma marginale* yupo, *Theileria parva* wa ndigana kali hayupo. Mtamba akapewa oksitetrasaiklini kwa uzito wake, hapo hapo alipolala, hakuswagwa hata hatua moja. Leo anakula.

Wale wawili sitajua kilichowaua, kwa sababu damu yao ilizikwa nao. Hilo ndilo linaloniuma. Ninachotaka kusema kwa wafugaji wenzangu ni hiki: damu itoke kabla dawa haijaingia. Na ninaomba wenye ujuzi watueleze hiki kipimo cha PCR kinaona nini ambacho sisi na kipimajoto chetu hatukioni.

#2 AfisaMifugo_Kata

Pole sana mkuu. Na ahsante kwa kuandika bila kuficha.

Kwanza niweke sawa majina maana hapa ndipo ng'ombe wengi wanapofia. Ndigana kali na ndigana baridi zinachangia jina na zinachangia mletaji, yaani kupe, basi. Ndigana kali ni protozoa. Ndigana baridi ni bakteria anayekaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Butalex haimgusi huyo bakteria. Na oksi peke yake haimponyi ng'ombe aliyekwisha kulemewa na ndigana kali. Ukikosea jina umekosea dawa, na mgonjwa mwenyewe hana siku za kusubiri ubadilishe mawazo.

Kwa macho, ndigana kali huvimbisha tezi, hasa zile za chini ya masikio na mbele ya bega, kisha mapafu yanajaa maji na povu linatoka puani. Ndigana baridi anapauka, anaingia manjano, anafunga choo, na mkojo wake hauwi mwekundu. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi au damu, mfikirie Babesia, kimelea kingine cha kupe. Na wewe uko Pwani, kwa hiyo ongeza nagana ya mbung'o kwenye hesabu, naye anapausha vile vile.

Umeona magonjwa manne hayo, na siku ya kwanza yote yana sura moja: homa, kuacha kula, maziwa kukata. Mimi nina miaka mingi kazini na siku ya kwanza bado naweza kukosea.

Kuhusu yule aliyeanguka akielekea kwenye kibanio: ng'ombe aliyeishiwa damu hana hewa ya kutosha mwilini. Ukimswaga, moyo unashindwa. Anatibiwa pale alipo.

#3 TukuyuMaziwa

Pole ndugu yangu wa Mlandizi.

Ila niseme ukweli wangu. PCR ni kipimo cha wenye fedha na cha watafiti. Huku Rungwe mfugaji ana ng'ombe wawili, anauza lita chache asubuhi, unamwambia habari za vinasaba? Wewe mwenyewe umesema slaidi ilitoa jibu mchana ule ule. PCR ilikuja nyuma, ng'ombe ameshachomwa. Sasa imeongeza nini? Slaidi, rangi ya Giemsa, hadubini na mtu mwenye macho mazuri. Hivyo vilitosha tangu enzi za mkoloni.

#4 Damu_na_Jeli

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa maabara, kazi yangu ya kila siku ni damu za mifugo. Kaka wa Tukuyu ameuliza swali la haki na nitaanza nalo.

Kwa mgonjwa aliye mahututi, slaidi inatosha na mimi ndiyo ninayoiangalia kwanza. Arnold Theiler alimtambulisha *Anaplasma marginale* huko Afrika Kusini mwaka 1910 kwa hadubini. Jina lenyewe la marginale linatokana na alichokiona: kitone cheusi kimekaa pembezoni mwa chembe nyekundu. Kwa mtamba wa tatu wa mkuu hapo juu mtu angeweza kuona vitone hivyo kila alikosogeza lenzi.

Shida inaanza ng'ombe anapokuwa na bakteria wachache. Mililita 1 ya damu ya ng'ombe mzima ina chembe nyekundu kati ya bilioni 5 na 10. Ili hadubini ione kwa uhakika, unahitaji kama chembe milioni 1 zilizoambukizwa ndani ya mililita hiyo. Sikia inavyosikika: milioni 1 nzima, na bado mtu anaweza kukaa nusu saa anasogeza slaidi akiona moja moja. Ng'ombe aliyepona ndigana baridi hawi safi. Anabaki mbebaji, mara nyingi maisha yake yote, na idadi inapanda na kushuka, wakati mwingine inashuka hadi chembe mia chache tu kwa mililita. Huyo ukimpaka kwenye slaidi 10 hutamwona. Kupe anamwona.

PCR inafanyaje? Chukua kitabu kikubwa cha mashairi, kurasa maelfu, na wewe unatafuta ubeti mmoja. Hujui ukurasa, lakini unajua maneno ya mwanzo wa ubeti na maneno ya mwisho wake. Tunatengeneza vipande viwili vifupi vya DNA, kila kimoja herufi kama 20 hivi, tunaviita praima. Kimoja kinashika mwanzo wa ubeti, kingine mwisho. Kama ubeti haumo kwenye damu hiyo, praima hazipati pa kushika. Kama umo, kimeng'enya kinanakili kilichopo katikati.

Mashine inapandisha joto hadi nyuzi 95 ili kamba mbili za DNA ziachane, inashusha hadi kama 55 au 60 praima zishike, inapandisha hadi 72 kimeng'enya kinakili. Hiyo ni raundi moja. Kila raundi nakala zinakuwa mara mbili. Moja, mbili, nne, nane. Raundi 30 zikiisha, nakala moja imekuwa zaidi ya bilioni. Kimeng'enya chenyewe hakiungui kwenye nyuzi 95 kwa sababu kilitolewa kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Kary Mullis aliyebuni njia hii mwaka 1983 alipata Nobeli mwaka 1993.

Ile PCR inayofanywa mara mbili, ya pili ndani ya nakala za ile ya kwanza, kwa jeni ya msp5, imeonyesha uwezo wa kumpata *A. marginale* hata kukiwa na chembe 30 tu zilizoambukizwa kwenye mililita. Linganisha 30 na milioni 1. Hicho ndicho inachoongeza, kaka. Kwa mgonjwa wa leo haiongezi kikubwa. Kwa ng'ombe mzima unayetaka kumnunua, kumhamisha au kumchanganya na wengine, hakuna hadubini itakayokusaidia.

Kinachonitisha ni ule unyeti wenyewe. Maabara moja niliyowahi kufanya kazi, jioni moja niliendesha jeli ya sampuli 40, yaani ute mgumu tunamopitisha nakala za DNA ili zionekane. Kila jeli tunaweka kontroli hasi, yaani maji matupu yasiyo na DNA ya mtu wala mnyama. Nikaiweka kwenye taa ya urujuanimno: sampuli zinawaka vizuri, na maji nayo yanawaka. Kitone kisichoonekana kilikuwa kimeruka kutoka tyubu moja kikaingia kwenye maji. Sampuli 40 zote nilizirudia kuanzia mwanzo, kwa sababu kama maji yana Anaplasma, hakuna ng'ombe kwenye ile jeli ninayeweza kumsemea. Mfugaji, ukipewa majibu ya PCR una haki ya kuuliza: kontroli hasi ilikuwaje? Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

#5 Mwanafunzi_SUA

Shikamoo dada, na shikamooni wote wakubwa.

Naomba kuuliza. Darasani tunaambiwa jeni ya 16S ndiyo ya kutambulisha bakteria. Kwa nini msitumie 16S moja kwa kila kitu, mkapata Anaplasma, Ehrlichia, Mycoplasma, Bartonella wote kwa mpigo mmoja? Kwa nini kuna msp5, groEL, sijui pCS20?

#6 Damu_na_Jeli

Marahaba mdogo wangu. Nibaki kwenye mashairi.

16S ni kibwagizo. Bakteria wote wanacho, na walio ukoo mmoja wanakiimba karibu sawasawa. Ukisikia kibwagizo umejua ukoo: hapa kuna Anaplasma. Lakini *A. marginale*, *A. centrale* na *A. ovis* wa mbuzi na kondoo, vibwagizo vyao vinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Ukitaka kujua mtunzi ni yupi lazima usome beti zenyewe, na beti ni hizo groEL, gltA, msp. Na tofauti hiyo si ya vitabuni tu. *A. marginale* anaua ng'ombe mzima. *A. centrale* ni mpole kiasi kwamba Theiler mwenyewe alimfanya chanjo hai, na Afrika Kusini, Australia na Israeli wameitumia miaka na miaka. Ukiripoti "Anaplasma" bila kusema yupi, umemwambia mfugaji nusu ya habari.

Ila 16S ina faida moja ninayoipenda: inakukutanisha na usiyemtarajia. Unapima ukidhani utampata fulani, unasoma mpangilio wa herufi, unakuta mwingine kabisa. *Mycoplasma wenyonii*, kwa mfano, anayekaa juu ya chembe nyekundu, si ndani. Ng'ombe anavimba chuchu na miguu ya nyuma, maziwa yanashuka, na hakuna maabara iliyoweza kumwotesha kwenye sahani. Zamani aliitwa Eperythrozoon na akawekwa kundi la Rickettsia. Ni vinasaba vilivyomhamishia kwenye Mycoplasma. *Bartonella bovis* naye amepewa jina mwaka 2002 tu, na anaweza kukaa kwenye damu ya ng'ombe miezi bila dalili yoyote ya nje.

Kwa hiyo tunaanza na kibwagizo, kisha tunasoma beti za yule aliyejitokeza. Kuna pia kitambaa chenye mistari ya vipande vya DNA vya vimelea mbalimbali, unamwaga nakala zako juu yake na kila mmoja anashika mahali pake. Hiyo inakuonyesha Anaplasma, Ehrlichia, Theileria na Babesia kwa siku moja. Kwa Afrika yetu, ambako ng'ombe mmoja anabeba watatu wanne pamoja, ni njia nzuri sana.

#7 BandaLaMlandizi

Wakuu, nimerudi na mrejesho, na nimechanganyikiwa.

Baada ya kusoma maelezo ya dada nilitoa damu ya ng'ombe wote 14 wa zamani na ya mtamba wa nne, nikaipeleka ipimwe PCR. Majibu yametoka leo: 11 wana *Anaplasma marginale*. 11 kati ya 14! Wote wanakula, wanakamuliwa, mmoja kazaa mwezi uliopita ndama mzuri. Nimeshanunua chupa za oksi, kesho natibu banda zima. Nimeona niwaambie kwanza.

#8 Damu_na_Jeli

Kaka, weka chupa chini. Kwanza niambie, kwenye karatasi ya majibu pembeni ya neno "yupo" kuna namba imeandikwa Ct?

#9 BandaLaMlandizi

Ipo. Mtamba aliyeumwa ameandikiwa 18. Wa zamani wengine 29, wengine 31, mmoja 34.

#10 Damu_na_Jeli

Vizuri sana, basi walikutumia ile PCR inayohesabu wakati mashine inaendelea. Ct ni raundi ambayo mwanga ulianza kuonekana. Damu yenye bakteria wengi inawaka mapema, raundi ya 18. Yenye wachache inachelewa, raundi ya 30. Na kwa kuwa kila raundi ni mara mbili, tofauti ya raundi 10 ni kama mara 1,000. Mtamba wako alikuwa na bakteria zaidi ya mara 1,000 ya wale wa 29, na kwa yule wa 34 zidisha tena. Wale 11 si wagonjwa. Wamekutana na Anaplasma wakiwa ndama, umri ambao ndigana baridi huwapitia kidogo tu, wakabaki na bakteria wachache na kinga ya kutosha kuwazuia wasizidi.

PCR imekwambia nani yumo ndani ya damu. Haijakwambia nani anaua. Hilo la pili linatoka kwa Ct, kwa slaidi, kwa PCV, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ambayo kwa ng'ombe mzima ni 24 kwenda juu, na kwa jicho la daktari aliyemwona mnyama. Nimeona karatasi ya "yupo" ikitibiwa badala ya ng'ombe, na ng'ombe akafa kwa kitu kingine ambacho hakuna aliyekitafuta.

Ukiwachoma wote kesho, sindano ya oksi inayomwinua mgonjwa mara nyingi haimalizi bakteria wote, kwa hiyo wengi watabaki wabebaji vile vile, na wewe umemwaga maziwa ya siku kadhaa kwa ajili ya mabaki ya dawa. Na yule utakayefanikiwa kumsafisha kabisa, kinga yake inaweza kupungua huku kupe wa Mlandizi wako pale pale wanamsubiri. Umemgeuza mwenyeji kuwa mgeni kama wale mitamba.

Mtu wa kuwa na wasiwasi naye ni mtamba wa nne. Yeye majibu yake yakoje?

#11 BandaLaMlandizi

Hayupo. Safi. Nilifurahi, sasa nimeelewa kwa nini sitakiwi kufurahi.

#12 AfisaMifugo_Kata

Mtamba wa nne ndiye wa kupimwa joto asubuhi na jioni, na fizi zake zitazamwe kila siku. Akigusa 39.5 damu inatoka siku hiyo hiyo. Kuogesha usilegeze hata wiki moja, hasa kwa ajili ya kupe wa bluu ambao wanakaa kwa ng'ombe mmoja mzunguko wao wote.

Mkuu, naomba nikuulize jambo, na usinielewe vibaya. Ile siku ya chanjo ya chambavu na kimeta, aliyechanja alitumia sindano ngapi?

#13 BandaLaMlandizi

Moja. Ilipoanza kuwa butu alibadilisha, zikawa mbili. Nilikuwa nimemshikia chupa mimi mwenyewe. Tulianza na ng'ombe wa zamani kwa sababu wamezoea, tukamaliza na mitamba.

#14 AfisaMifugo_Kata

Hesabu siku. Kutoka chanjo hadi mtamba wa kwanza kuacha kula ni kama wiki nne. Ndigana baridi inachukua wastani wa siku 28 tangu bakteria aingie hadi dalili zionekane, ingawa inaweza kuwa wiki moja hadi miezi miwili. Huyu bakteria hahitaji kupe. Damu kidogo iliyobaki kwenye sindano, kwenye msumeno wa kukatia pembe, kwenye koleo la kutobolea hereni, hata kwenye mdomo wa nzi anayeuma, inatosha.

Siwezi kuapa kwamba ni sindano, kwa sababu kupe nao wapo. Lakini umetoka kwa wabebaji 11 ukaingia kwa wageni 4 kwa ncha ile ile. Wapo maafisa wenzangu wanaofanya hivyo kila msimu, na mimi nilifanya miaka yangu ya mwanzo. Siku hizi ng'ombe mmoja sindano moja, na asiyekuwa na sindano za kutosha ananisubiri niende nikazilete.

#15 BandaLaMlandizi

Nimeisoma hii nikaenda kukaa bandani. Ahsante, afisa. Ni afadhali nimejua.

#16 MamaNdama_Muheza

Poleni na kazi. Mimi nina mbuzi na ng'ombe watano Muheza. Nataka kusema PCR nayo inadanganya.

Mwaka juzi mbuzi wangu watatu na ndama mmoja walikufa kwa wiki mbili. Wanazunguka, wanatafuna hewa, wanapiga miguu kama wanaogelea, kisha kimya. Kupe wale wa madoa ya rangi walikuwa wengi mno mwaka huo. Nilipeleka damu ya mbuzi mmoja aliyebaki anadhoofika, PCR ya maji moyo ikasema hayupo. Siku mbili akafa, daktari akachukua kichwa, akapaka ubongo kwenye slaidi: maji moyo. Sasa nimwamini nani?

#17 Damu_na_Jeli

Pole mama yangu. Amini ubongo. Na PCR haikudanganya, iliulizwa mahali ambapo mwenye jibu hayupo.

*Ehrlichia ruminantium* wa maji moyo haishi kwenye chembe nyekundu kama Anaplasma. Makazi yake ni ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, na kwenye ubongo ndiyo anarundikana. Cowdry alimtambua mwaka 1925, na hadi leo kipande cha ubongo kilichopondwa kati ya slaidi mbili na kupakwa Giemsa ni moja ya njia bora za kumthibitisha baada ya kifo. Kwenye damu anapita zaidi wakati homa iko juu. Kabla ya homa na baada yake, na kwa wabebaji, PCR ya pCS20 inaweza kumpata leo na kumkosa kesho kwa mnyama yule yule. Kwa hiyo damu ya maji moyo ichukuliwe joto linapopanda, siku ya kwanza au ya pili, si mnyama akiwa anaaga.

Brusela yuko hivyo pia. Watu wananiletea damu ya ng'ombe aliyetupa mimba wanataka PCR. Brusela anajificha kwenye tezi, kiwele na kondo. Kwa yeye naomba maji ya damu nipime kinga kwa Rose Bengal, na maziwa au kondo kwa PCR, na aliyelishika avae glavu kwa sababu unaambukiza watu.

#18 Loliondo_Boma

Mmetaja kichwa cha mbuzi kikafunguliwa. Naomba niongeze kitu sisi watu wa kaskazini tunakijua kwa msiba. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, huyo hafunguliwi. Hachunwi. Hata kama unataka sampuli ya vinasaba namna gani.

#19 Damu_na_Jeli

Ahsante sana, baba. Hicho ni kimeta, naye ni bakteria wa damu kama hawa tunaowazungumzia. Ukimfungua, hewa inamfanya atengeneze mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Tone la damu kutoka ncha ya sikio, likachukuliwa na mtaalamu, linatosha kwa slaidi na kwa PCR yote. Mzoga unafukiwa kwa kina au unachomwa, na ofisi ya mifugo inajulishwa siku hiyo.

#20 TukuyuMaziwa

Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Nilichosema mwanzo kwa mgonjwa wa kawaida bado nakisimamia, slaidi kwanza. Lakini habari ya kununua ng'ombe imenigusa. Huku kwetu juu kuna baridi na kupe ni wachache, na kila mwaka tunauza mitamba kwenda Pwani na Morogoro. Tunawauza wakiwa safi, na sisi tunaona usafi huo ni sifa. Kumbe tunawapeleka bila kinga, na mnunuzi anarudi kutulaumu kwamba tumemuuzia wagonjwa.

Kikundi chetu kina wafugaji 23. Nikiwaambia tupime mitamba kabla ya kuuza, damu inachukuliwaje ifike salama kutoka Tukuyu?

#21 Damu_na_Jeli

Tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu isigande. Msitumie ya kijani yenye heparini, heparini inazuia kile kimeng'enya na mtapata "hayupo" ya uongo. Jaza hadi alama, kisha igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe zitapasuka, na rangi nyekundu ya damu ikimwagika nje ya chembe nayo inasumbua PCR. Paka slaidi hapo hapo bandani, ikauke kwa hewa, izamishe kwenye methanoli, kwa sababu slaidi iliyopakwa kwa damu ya jana haina sura nzuri.

Tyubu zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 4, zikiwa zimefungwa gazeti zisigusane na barafu. Zikiganda, PCR bado nitafanya lakini PCV na slaidi zimekufa. Mkiwa na safari ya siku nyingi, tone la damu kwenye karatasi maalumu ya kuhifadhia DNA, ikakauka kivulini, inasafiri hata kwenye bahasha. Na kila sampuli iwe na tarehe, umri, joto la mnyama, na dawa alizopewa wiki mbili zilizopita. Hilo la dawa watu wanalificha wakidhani nitawagombeza. Aliyechomwa oksi juzi, damu yake inanipa jibu lingine kabisa.

Maabara kuu ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, iko Temeke na ina vituo kanda mbalimbali, na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro wana ndaki ya tiba ya mifugo. Pigeni simu kabla, ulizeni wanapima vimelea gani kwa PCR na bei ya sampuli zikiwa nyingi. Kikundi cha watu 23 mkileta pamoja, mashine inajazwa kwa mpigo mmoja na gharama ya kila mmoja inapungua.

#22 Mwanafunzi_SUA

Dada, na ile LAMP, njia nyingine ya kunakili DNA inayotumia joto moja, haiwezi kuwafaa vijijini?

#23 Damu_na_Jeli

Inaweza, na mimi ninaisubiri kwa hamu. Inafanya kazi kwenye nyuzi 60 hadi 65 bila kupandisha na kushusha, kwa hiyo hata chombo cha maji ya moto yaliyotulia kinaweza kuiendesha, na jibu linaonekana kwa kubadilika rangi. Lakini praima zake ni nne hadi sita, na ikichafuka inachafuka vibaya kuliko PCR. Andika utafiti wako wa mwaka wa mwisho juu ya hiyo, nitakusaidia sampuli.

#24 BandaLaMlandizi

Mrejesho mwingine, wakuu. Mtamba wa nne alipanda hadi 39.8 Jumapili usiku. Safari hii sikuuliza mtu. Damu kwanza, slaidi mbili, tyubu moja, kisha daktari akamchoma hapo hapo alipolala. Slaidi imeonyesha Anaplasma wachache, PCV 23. Daktari anasema tumemuwahi. Leo Jumatano amemaliza pumba zake na anaramba ndoo.

Wa tatu ana mimba ya miezi saba. Nimenunua sindano boksi zima na zile zilizotumika natupa kwenye dumu.

TukuyuMaziwa, nataka mitamba 2 kutoka kikundi chenu kufidia niliopoteza. Kwanza nataka damu yao ipimwe kabla hawajapanda lori, nijue ninapokea wenyeji au wageni, na kama ni wageni nijipange kuwaangalia wiki nane za kwanza. Dada Damu_na_Jeli, nikuletee lini?

#25 Damu_na_Jeli

Jumanne au Alhamisi kabla ya saa 6 mchana, mashine tunaipakia saa 8. Na waambie wa Tukuyu waandike namba ya hereni kwenye ubavu wa tyubu, wasiiandike kwenye kifuniko. Vifuniko nikivifungua vyote pamoja vinabadilishana.